Unaua Babu wa Ngogwe, Halafu Unaita Usafi wa Shamba



Mvua zinakaribia. Kutoka bonde la Luiche hadi vilima vya Kalinzi watu wanaandaa mashamba, na kwenye maduka ya pembejeo dawa ya kuua magugu inatoka kama maji. Wengi mnasubiri niwaelekeze kipimo cha mbolea ya kupandia. Hiyo itafuata. Leo nina ugomvi na ninyi, nao ni huu: tunaiua mimea ambayo mboga zetu zilitokana nayo, tunaiua mahali ambapo haitudhuru, kisha tunajisifu kwamba shamba ni safi.

Nieleweke vizuri. Sisemi palizi iachwe. Gugu lililo ndani ya tuta linakula mbolea uliyoinunua kwa fedha yako, ling'oe. Ugomvi wangu unaanzia baada ya tuta la mwisho. Umemaliza kupulizia shamba lakini kwenye bomba zimebaki lita mbili. Unaendelea nazo: mpakani, kwenye ukingo wa mfereji, nyuma ya zizi la mbuzi, juu ya jalala la zamani, kwenye kipande ulichokipumzisha. Huko hujapanda kitu na huna mpango wa kupanda mwaka huu. Baada ya wiki mbili kote kumekuwa rangi ya kahawia, na jirani anakupongeza.

Sasa tuhesabu kilichokufa huko. Umekufa mnavu wa kujiotea. Umekufa mgagani, mlenda pori, mchicha wa miiba, na kunde pori zilizokuwa zikitambaa kwenye majani. Kimekufa pia kile kijiti chenye vitunda vyekundu vya ukubwa wa njugu mawe, vimeshikana kishada. Watoto wanakijua kwa sababu kinawachoma, mbuzi wanakijua kwa sababu hawakipendi. Wataalamu wanakiita Solanum anguivi. Huyo ndiye babu wa ngogwe. Ngogwe zote unazoziona sokoni, nyeupe, za kijani, za michirizi, zilipatikana kwa sababu wakulima wa Afrika, kizazi baada ya kizazi, walichagua miti ya jamii hiyo yenye tunda kubwa na uchungu mdogo. Mjukuu unamuuza kwa fungu. Babu unampulizia dawa.

"Sasa huyo babu ana faida gani?"

Ndilo swali ninaloulizwa kila ninapolisema jambo hili. Nitalijibu kwa mimea mitatu mnayoijua.

Wa kwanza ni mchikichi. Watu wa Kigoma hamhitaji kufundishwa mchikichi. Mnajua ile michikichi ya zamani yenye kokwa nene, ambayo wataalamu wanaiita dura. Mnajua tenera, yenye kokwa nyembamba na nyama nyingi, ambayo miche yake inatafutwa kule TARI Kihinga. Wengi hamjawahi kumwona baba wa tenera. Anaitwa pisifera. Tunda lake halina kokwa ngumu, na mti wenyewe mara nyingi hauna faida kwa mkulima, kwa kuwa mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Mkulima aliyekuwa nao shambani angeukata na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka 1941 watafiti wa kituo cha Yangambi, huko Kongo, walieleza kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukizifuta dura na pisifera, tenera haipo. Mti usiozaa mkungu wa maana ndio unaozalisha mti unaotafutwa na nchi nzima.

Wa pili ni muhogo, na hapa nataka usikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili lilifanyika Tanzania na matokeo yake unayala. Sombe ni mboga ya Kigoma. Sombe ikikosekana, nyumba nyingi za mwambao huu hazijui zile nini Jumatatu.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Zama hizo nchi hii ilipandwa mashamba makubwa ya mti wa mpira uliotoka Brazil, Manihot glaziovii. Ni ndugu wa muhogo. Sehemu nyingi watu wanaupanda karibu na nyumba na kupika majani yake, ndicho kisamvu cha mpira. Mwaka 1913 bei ya mpira duniani ilianguka na mashamba yakaachwa. Mti ukabaki unajiotea, hauna soko, hauna mwenyewe.

Miaka ya 1930, Waingereza wakiwa ndio watawala, mtafiti H. H. Storey alikuwa pale Amani akihangaika na magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Huo wa michirizi yeye ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936. Mihogo iliyokuwepo haikuwa na nguvu ya kutosha kuyastahimili. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols wakaugeukia ule mti wa mpira, wakauchavusha na muhogo. Watoto wa kwanza hawakuwa na mizizi ya kulika. Wakawarudisha tena kwa muhogo, na tena, hadi mara tatu, mpaka wakapata mmea wenye mzizi wa muhogo na ukinzani wa mpira. Miaka ya 1950 mbegu za kazi hiyo zikapelekwa Nigeria. Miaka ya 1970 taasisi ya IITA ya Ibadan ikazitumia kuzalisha aina mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ililipuka Uganda ikaanza kusambaa kuelekea huku kwetu kwenye ukanda wa maziwa, na miongoni mwa mihogo ya kwanza iliyosimama imara ni ile yenye damu ya kazi ya Amani.

Sasa jiulize. Mwaka 1914, bei ikiwa imeanguka, nani angesimama kwenye mkutano aseme mti huu msiung'oe, wajukuu watauhitaji? Hayupo. Mti ulibaki kwa bahati tu, kwa sababu hapakuwa na bomba la mgongoni wala dawa ya bei nafuu. Leo bomba lipo, dawa ipo, na bahati hiyo tunaifuta kwa mikono yetu.

Wa tatu ni nyanya. Chukua kopo la mbegu za nyanya, soma lebo. Mara nyingi utaona herufi V, F na N baada ya jina la aina. F ni mnyauko fuzari. N ni minyoo fundo, wale wanaoacha mizizi ina vinundu. Herufi hizo ndizo zinazokufanya ukubali kulipa bei ile. Ukinzani wa fuzari ulitoka kwa nyanya pori ya Amerika Kusini yenye tunda dogo kama njegere. Ukinzani wa minyoo fundo ulitoka kwa nyanya pori nyingine, ya Peru, ambayo haiuziki kwa mtu yeyote. Ilivushwa na nyanya ya kawaida nchini Marekani miaka ya 1940 kwa shida kubwa, hadi kiini cha mbegu kikakuzwa maabara. Karibu nyanya zote zenye herufi N hadi leo zinakula urithi huo mmoja. Na kantangaze, ambaye naye asili yake ni Amerika Kusini na ambaye tumepambana naye Tanzania tangu mwaka 2014, watafiti wanamtafutia dawa hukohuko, kwenye nyanya pori zenye vinyweleo vinavyonata.

Kwenye nyanya sisi ni wapangaji

Ndugu wa porini wa nyanya wako Peru na Ekwado. Wakiisha kule, hakuna tunachoweza kufanya tukiwa Ujiji. Kwa mahindi, maharage, muhogo na viazi ni hivyohivyo: mazao yaliletwa, ukoo wake uko mbali, na tukihitaji kitu tunasubiri wenye nyumba watufungulie mlango.

Lakini ngogwe zilianza kulimwa Afrika hii. Kunde zilianza kulimwa Afrika hii. Ndugu zao wa porini wako mpakani kwako. Hapa wenye nyumba ni sisi, na mwenye nyumba ndiye anayebomoa. Huko Italia watafiti walihamishia kwenye bilinganya ukinzani wa mnyauko fuzari walioutoa kwa ngogwe yetu. Wao wameona thamani wakiwa ng'ambo ya bahari. Sisi tunaokaa nayo tunaiita mboga ya mtu aliyekosa hela ya nyama.

Fikiria mtaa ambao nyumba zote zina kufuli la aina moja. Mwizi akipata ufunguo mmoja, kesho mtaa mzima unalia. Bonde lililopanda aina moja ya mboga ndivyo lilivyo. Ugonjwa ukipata njia ya kumwingia mmoja, umewaingia wote. Mimea ya kujiotea ina makufuli ya kila namna, maana hakuna aliyeichagua ifanane. Mmoja unastahimili maji kutuama, mwingine unastahimili ukame wa Agosti, mwingine wadudu hawaupendi. Hujui ni upi utauhitaji, na hakuna anayejua, hata mimi mwenye cheti cha kilimo ukutani.

"Si kuna hifadhi? Si kuna benki ya mbegu?"

Zipo, na ninaziheshimu. Tuzitazame moja moja.

Gombe imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, Mahale tangu 1985. Sokwe wana askari na mipaka. Mnavu hauna. Isitoshe, mnavu, mgagani na babu wa ngogwe si mimea ya msitu mnene. Inapenda ardhi iliyofunguliwa: kando ya njia, penye samadi, shamba lililolala. Yaani imezoea kuishi na watu. Hifadhi inaweza kuulinda msitu vizuri kabisa na mimea hii ikaisha nje yake. Na usinisikie vibaya ukaenda kuchimba miche Gombe. Hilo ni kosa, na tena halina haja.

Benki ya mbegu pia ipo. Kituo cha taifa cha nasaba za mimea kiko Arusha, chini ya TPHPA. Hukohuko karibu na Arusha, tangu mwaka 1992, kuna ofisi ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kimekusanya mbegu nyingi za mboga za Kiafrika. Huko Norway kuna ghala la dunia la Svalbard lililofunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2015 lilifunguliwa kwa mara ya kwanza kutoa mbegu kwa wenyewe, kwa sababu vita vya Syria vilikuwa vimewakosesha watafiti benki yao ya Aleppo. Kwa hiyo benki ni kitu cha lazima. Lakini vita hivyo vilitufundisha pia kwamba benki moja inaweza kufungwa usiku mmoja.

Kuna jambo jingine. Mbegu iliyo kwenye baridi kali imelala. Ugonjwa mpya ukizuka Luiche mwaka huu, mbegu ile haiujui. Mmea ulio mpakani kwako unakutana na ugonjwa huo, unaofia unakufa, unaostahimili unaangusha mbegu, na mwaka ujao watoto wake wana nguvu zaidi. Kazi hiyo inafanyika bure, usiku na mchana, kwenye kipande ambacho umeona bora ukimalizie lita mbili za dawa.

Hoja zenu nimezisikia

Wa kwanza anasema: mimea hiyo inafuga wadudu na magonjwa. Ni kweli, na asiyesema hivyo anakudanganya. Mnavu na tulatula ni jamii moja na nyanya. Wanaweza kumhifadhi kantangaze na vimelea vya mnyauko bakteria. Kwa hiyo anayelima nyanya, bilinganya, ngogwe au pilipili asiwaache karibu na zao hilo. Lakini mgagani, mlenda na kunde pori si jamii ya nyanya, hao unaweza kuwaacha. Na yule asiyelima nyanya kabisa, mwenye muhogo, mahindi na michikichi, hana sababu hata moja ya kuua mnavu wa mpakani.

Na tukiwa hapohapo: usisingizie mpaka kabla hujapima. Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya maji, huo ni mnyauko bakteria, nao uko kwenye udongo wako na maji yako. Kupulizia mpaka hakutausaidia udongo.

Wa pili anasema: dawa imepunguza maumivu ya mgongo. Hasa akina mama wananiambia hivyo, nami sitasimama kuwaambia warudi kuinama na jembe kutwa nzima. Pulizia shamba. Ninachoomba ni usipulizie kisicho shamba.

Wa tatu anasema: kijiti chenye miiba hakina soko. Kweli hakina, na sitakuahidi kwamba litapatikana. Mti wa mpira nao haukuwa na soko. Kuna vitu vinauzwa na kuna vitu vinawekwa. Wazee wanasema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza, kwa sababu mbegu iliyoko ardhini ina umri wake. Ukipulizia msimu baada ya msimu kabla mmea haujazaa, mwishowe hauoti kitu.

Wa nne anasema: hizo ni mboga za kimaskini. Huyu nitamjibu kwa Nairobi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mnavu, ambao kule wanauita managu, na mgagani, ambao wanauita saget, zilitoka kuwa mboga za kuchuma nyuma ya nyumba zikaingia kwenye maduka makubwa ya mjini. Mboga ni zilezile. Kilichobadilika ni watu kuacha kuzionea aibu.

Cha kufanya msimu huu

1. Pima dawa kulingana na shamba, si kulingana na ukubwa wa bomba. Ikibaki kidogo, iongezee maji uimalizie ndani ya shamba ulilokwisha pulizia. Bomba liishie kwenye tuta la mwisho.

2. Tenga kona moja, hata hatua kumi kwa tano. Isiwe karibu na kisima wala na zao la jamii ya nyanya. Usiipande, usiipulizie. Lakini usiiache moja kwa moja, maana vichaka vitaifunika. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, ifyeke na kukwatua udongo kidogo. Mimea hii inaota ardhi ikifunguliwa.

3. Ukichuma mboga za kujiotea, kata vichomozo, using'oe shina. Katika kila mimea kumi acha mitatu izae na kuangusha mbegu.

4. Ukitunza mbegu, usichague mmea mmoja mzuri kuliko yote. Huo ni mmoja tu, una kufuli moja. Chukua kidogo kidogo kwenye mimea 30 au zaidi ukiipata. Tunda la mnavu au ngogwe liive kabisa, liponde, osha mbegu, anika kivulini juu ya kitambaa. Zikikauka weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kifuko cha majivu makavu cha kunyonya unyevu. Weka mahali pa giza pasipo joto. Andika jina, mahali ulipoitoa, mwezi na mwaka.

5. Ngogwe za mbegu zisichanganyike na babu yao, la sivyo utapata watoto wachungu. Funika maua machache kwa kifuko cha kitambaa chepesi kabla hayajafunguka, kitoe tunda likishashika, kisha funga uzi kwenye tunda hilo ulitambue. Mchicha ni tofauti: poleni yake husafiri kwa upepo, kwa hiyo aina mbili zisitoe maua kwa wakati mmoja karibu karibu.

6. Ukiona mmea umebaki kijani wakati wenzake wote wamekufa kwa ukame, maji au ugonjwa, usiule. Funga kitambaa, nipigie au nitumie picha. Mmea wa namna hiyo ndio watafiti wanaoutafuta.

7. Vitunda vya tulatula ni sumu. Vitunda vibichi vya mnavu navyo si vya kula. Waambie watoto. Kuhifadhi mmea si kuula.

Na neno moja la sheria. Nikisema tunza mbegu, nazungumzia mbegu ya kupanda shambani kwako. Biashara ya mbegu inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 kupitia TOSCI. Ukitaka kuuza, njoo ofisini nikueleze utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Usifunge pakiti ukaanza kutembeza gulioni.

Kwa wafanyabiashara

Mkulima hupanda unachonunua. Ukikataa ngogwe yenye michirizi misimu miwili, msimu wa tatu mbegu yake haipo kijijini, na siku ukiitaka hutaipata. Sikuambii ununue kisichouzika. Chukua tenga moja la aina ya kwako ya kila siku, na fungu chache za aina nyingine. Waambie wateja jina lake na ilikotoka. Mwambao huu una bahati ambayo Dodoma hawana: mitumbwi inakuja kutoka Bujumbura, Uvira na Kalemie, na watu wanakuja na mboga zao na namna zao za kupika. Mchicha ambao Wakongo wanauita lengalenga umeuzwa Kibirizi na Ujiji miaka yote. Kila mtu aliyehamia hapa alibeba mbegu kwenye kona ya khanga. Huo nao ni utajiri wa nasaba, na wewe mchuuzi ndiye unayeutunza au kuumaliza.

Kwa serikali za vijiji, halmashauri na wenzangu wa ugani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito. Tunaizungumza sheria hiyo tukitaka kumwondoa mtu, kisha ukanda wenyewe tunauacha uchomwe moto kila Agosti. Kijiji kinaweza kuweka kwenye sheria ndogo kwamba ukanda huo hauchomwi wala haupuliziwi. Gharama yake ni ndogo: mkutano mkuu wa kijiji ulijadili, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe.

Halmashauri inaweza kukusanya mbegu za mboga za kila kata mara moja na kuzipeleka Arusha zihifadhiwe kwa jina la kijiji zilikotoka. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa nasaba za mimea kwa chakula na kilimo uliopitishwa mwaka 2001, na mkataba huo unazitaka nchi zihimize ndugu wa porini wa mazao wahifadhiwe hukohuko wanakoota, zikisaidia juhudi za wenyeji. Tulijiunga nao kwa niaba ya mkulima wa Mwamgongo na Ilagala. Haki yake ni aambiwe.

Na kwa wenzangu tunaovaa buti za kazi moja: tuache kumpa ushindi mkulima ambaye shamba darasa lake limebaki udongo mtupu hadi barabarani. Tumpe yule mwenye tuta safi na mpaka ulio hai. Mkulima anafuata kile tunachokipigia makofi.

Ndugu msomaji, wiki hii, kabla hujafungua kifuniko cha dawa, zunguka mpaka wa shamba lako taratibu. Nenda na mama au bibi wa nyumba hiyo, maana majina ya mimea hiyo kwa Kiha na matumizi yake wao ndio wanaoyajua, na yanazikwa nao tusipouliza. Hesabu ni mimea mingapi kati ya iliyopo inayolika, au ni ndugu wa kitu unachokilima. Kisha amua bomba litaishia wapi.

Ukimaliza kuhesabu, niandikie idadi na jina la kijiji chako. Nitaanza orodha.

Kazi njema.